Kila Shina la Kumi

Kabla hamjanionyesha jani, nionyesheni mikono. Najua mnaniona shosho, bibi kizee msumbufu. Mnakuja hapa kwangu Mugutha na picha kwenye simu, mpunga umegeuka njano, na swali lenu ni moja: "Shosho, tupige dawa gani?" Na mimi, badala ya kutazama picha, natazama kucha zenu. Natazama kisu kinachochungulia mfukoni. Nauliza asubuhi mlipita shamba la nani. Mmoja wenu aliwahi kuniuliza kama nilistaafu kutoka polisi.

La. Nilikuwa fundi wa maabara na mashamba ya majaribio katika kituo kimoja cha utafiti nje ya Thika, na miaka yangu mingi niliimaliza na mimea iliyougua virusi. Kazi hiyo haimfai mtu anayeamini haraka. Lakini kushuku nako kuna adabu yake, na mimi adabu hiyo niliipata baada ya kumharibia mtu jina. Kaeni niwaambie.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kahiga, msimamizi wa zile nyumba za nailoni tulizooteshea miche. Mtu mfupi, mkimya, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Kabla ya kugusa mche wa nyanya alichovya vidole kwenye kikombe cha maziwa. Wafanyakazi wageni walidhani ni mambo ya kienyeji. Mmoja aliacha kazi akisema hawezi kufanya kazi na mtu anayetambikia nyanya.

Siku moja nikamuuliza, "Mzee, hayo maziwa ni ya nini?"

Akatoa mfukoni kikopo cha ugoro. "Ni ya huyu," akasema. "Nilimaliza nyumba nzima ya nyanya miaka hiyo. Majani yakajikunja, yakapata madoadoa. Nikafukuza kijana wa maji, nikagombana na jirani, nikasema mbegu ni mbovu. Kumbe ni mimi. Tumbaku ina kirusi chake. Ukavu haukiui. Nilikuwa navuta ugoro, halafu nashika mche kwa vidole hivi hivi. Maziwa yanakifunika kisishike."

"Si ungeacha ugoro tu?"

"Aterere, sikiliza, Mama Mutheu! Mke ameshindwa, kanisa limeshindwa, sasa nyanya ndiyo iweze?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hapo ndipo nilipokosea, maana kosa la mwenzako likikuchekesha sana, unasahau kulibeba kama somo.

Mnaposikia neno virusi mnafikiria mdudu. Kirusi si mdudu. Hakili, hakinywi, hakitembei, hakina hata jino la kutobolea jani. Kinangoja kidonda. Kidudu chenye mgongo mgumu kikitafuna jani, kidonda. Upepo ukisugua jani kwa jani, kidonda. Ng'ombe akipita, mundu ukikata, ukucha ukikwaruza, vyote ni milango. Kikishaingia ndani ya seli moja, kinaiachisha kazi yake. Seli iliyokuwa ikijenga mmea sasa inatengeneza virusi, mamia kwa mamia, kisha vinapita kwenye vijia vyembamba kwenda seli ya jirani, halafu vinaingia kwenye mishipa ya jani na kusafiri nayo.

Ndiyo maana njano ya virusi kwenye mpunga haiji kama njano ya njaa. Hilo lishikeni. Mpunga wenye njaa ya mbolea huanza kupauka majani ya chini, yale mazee, na hupauka sawasawa. Mpunga wenye virusi huanza kwenye majani machanga. Unaona vidoa vya kijani kibichi na njano vimechanganyika, halafu vinajivuta kuwa mistari kufuata mishipa. Zile sehemu ndogo za kijani zinazopika chakula cha mmea kwa jua zimeharibiwa. Mmea umesimama kwenye maji na mbolea lakini jiko limezimika. Kwa hiyo unadumaa, unatoa machipukizi machache, na suke linakwama kwenye ala yake nusu ndani nusu nje. Likitoka, ukilibana mbegu kwa kidole, ni mapepe. Maganda matupu.

Sasa mimi, niliyeyajua hayo yote, sikilizeni nilichofanya.

Msimu huo tulikuwa na mpunga wa majaribio kwenye ploti za bondeni, karibu na mto. Aina kumi na mbili, kila aina na ploti yake. Mkubwa wetu, Daktari Wairimu, alitaka kujua ni ipi itavumilia baridi yetu ya Julai ili tuwapelekee wakulima. Mimi ndiye niliyepima. Katika kila mstari, kila shina la kumi lilifungwa utepe mwekundu, na kila baada ya wiki mbili nilienda na rula na makasi, nikapima urefu, nikahesabu machipukizi, nikakata kipande cha jani kupeleka maabara.

Kulikuwa pia na kikundi cha akina mama waliolima mpunga kwenye bonde la joto mashariki ya Thika, njia ya kwenda kwetu Ukambani. Kiongozi wao, Mama Kioko, aliniita nikaone. Nilikuta mabaka ya njano katikati ya shamba. Nilikuwa na haraka. Nikakata majani kadhaa, nikayafunga kwenye gazeti, nikamwambia, "Mpunga una njaa. Ongezeni mbolea ya kukuzia."

Mama Kioko akanitazama. "Njaa gani hii inayochagua? Shina hili njano, la pembeni kijani, na wote tumewapakulia sufuria moja?"

"Mama, ongezeni mbolea," nikasema, nikaingia kwenye gari la ofisi. Yule mama hakuwahi kukanyaga maabara, na alikuwa ameona kuliko mimi. Makasi nikayarudisha mfukoni mwa koti. Mchana huo huo nikashuka ploti zangu kupima.

Hata wiki mbili hazikuwa zimeisha. Asubuhi moja nikaona jani changa lenye vidoa. Halafu jingine, ploti nyingine. Kufika mwisho wa mwezi kulikuwa na mpunga wenye mistari ya njano kwenye ploti karibu zote.

Nikaanza kushuku. Nilishuku mbolea, nikaipima, ilikuwa sawa. Nilishuku mto, nikachukua maji juu na chini ya ploti, hayakuwa na neno. Nilishuku mbegu, lakini kirusi nilichokifikiria hakisafiri ndani ya mbegu. Kwa hiyo nikashuku watu.

Mtu niliyemshuku aliitwa Kariuki. Alikuwa kibarua wa ploti za bondeni, mtu mzima wa rika langu, mkazi wa mtaa wa Landless, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mwaka uliotangulia aliomba nafasi ya kuwa msaidizi wa maabara, akaikosa, na mimi nilikuwa kwenye ile meza ya mahojiano. Tangu hapo nikawa namsoma. Akinyamaza, nasema ana kinyongo. Akicheka na wenzake, nasema ananicheka mimi. Akiinama kwenye mpunga muda mrefu, nasimama kwenye tuta namtazama mgongo.

Siku moja alinifuata banda la vifaa. "Mama Mutheu, nikwambie kitu?"

"Sema."

"Hii ugonjwa ni kama inakufuata."

"Inanifuata mimi vipi?"

"Sijui. Naona tu. Ukipita, baada ya wiki mbili inaonekana pale umepita."

"Kwa hiyo mimi ni mchawi?"

"Sijasema hivyo, Madam." Kutoka Mama Mutheu nikawa Madam. Akaondoka. Na mimi, badala ya kuuliza ameona nini, nilikaa nikijiuliza kwa nini anataka kunisingizia. Mwenye hatia ndiye hukimbilia kunyooshea wengine kidole, nikajiambia. Oneni jinsi akili inavyojipikia.

Jumapili iliyofuata mlinzi wa lango akanipigia simu nikitoka kanisani. Kariuki alikuwa ameonekana bondeni peke yake, siku ambayo si ya kazi. Nilifika na nguo zangu za ibada. Mashina kadhaa hayakuwepo, yameng'olewa na mizizi. Tukamsimamisha langoni. Mlinzi akatia mkono kwenye koti lake, akatoa tepe nyekundu. Zangu. Nyingi, zimeviringishwa pamoja.

"Hizi ni za nini?" nikauliza.

"Nilikuwa nang'oa zile zimeugua. Nimezika nyuma ya banda. Kwetu mahindi ikigonjeka tunang'oa isiambukize zingine."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Na Jumapili?"

"Siku ya kazi ungenikataza."

Kweli ningemkataza. Lakini sikwenda hata kuchimba nyuma ya banda nione kama amezika au ameuza. Jumatatu niliandika barua kwa Daktari: huyu mtu anahujumu majaribio. Kisha nikafanya jambo linalonichoma hadi leo. Niliwakusanya vibarua wote kwenye banda la vifaa, nikainua zile tepe mbele yao na kusema, "Mnajiuliza mpunga unauawa na nani? Na nani?" Kariuki alikuwa amesimama karibu na mapipa. Alivua mabuti ya kituo, akayaweka sawasawa, kushoto na kulia, akatoka akiwa na ndala.

Alisimamishwa kazi siku hiyo. Bonde likatulia. Nikapima mpunga wangu kwa amani.

Wiki mbili baadaye, njano mpya. Kwenye mashina ambayo Kariuki hakuwahi kuyaona yakifungwa utepe, maana nilikuwa nimefunga mengine badala ya yale aliyong'oa.

Hata hapo sikujishuku. Nilidhani anaingia kwa upande wa mto. Nikachukua karatasi ya miraba, nikaketi kuchora ramani ya ploti zote ili nimwonyeshe Daktari jinsi ugonjwa unavyofuata njia ya mtu anayetoka mtoni. Kila shina gonjwa nikaliwekea msalaba. Nilichora asubuhi nzima. Nilitarajia misalaba irundikane kando ya maji.

Haikurundikana. Ilipangika. Msalaba, nafasi tisa tupu, msalaba. Nafasi tisa, msalaba. Mstari baada ya mstari, kama vifungo vya shati. Hapa na pale majirani wawili watatu walikuwa wameanza kuambukizwa, lakini mpango ulionekana wazi. Wadudu hawahesabu hadi kumi. Ng'ombe hahesabu. Anayehesabu hadi kumi katika bonde lile alikuwa mmoja.

Niliinuka nikaenda kwenye koti langu lililoning'inia mlangoni. Makasi yalikuwa mfukoni. Kwenye kiungo chake, pale vyuma viwili vinapopandana, kulikuwa na utando mkavu wa kijani.

Bado nilitafuta njia ya kutoroka. Nikasema, nisijihukumu kwa ramani tu. Nikatayarisha trei tatu za miche mizima kwenye nyumba ya nailoni. Ya kwanza nilisugua majani kwa maji safi na ule unga laini wa kukwaruza, wa kufungua vidonda vidogo. Ya pili, kwa maji ya jani gonjwa lililopondwa. Ya tatu, kwa maji niliyosuuzia makasi yangu. Kisha nikangoja. Nilizitembelea trei hizo kila siku, na kila siku niliomba ile ya tatu ibaki kijani. Nilikuwa mtu mzima, mwenye vyeti, namwomba Mungu amtie Kariuki hatiani.

Trei ya maji safi ilibaki kijani. Ya pili ikapata vidoa. Siku mbili baadaye, ya tatu nayo ikapata.

Nilimpelekea Daktari Wairimu trei zote tatu juu ya meza yake. Alizitazama, akatazama ramani, akanitazama. Hakupaza sauti. "Ulitoka wapi siku ile ya kwanza?"

"Kwa akina Mama Kioko. Niliwaambia ni njaa ya mbolea."

"Na Kariuki?"

Nikainamisha macho kwenye trei ya tatu.

"Mpunga ni kazi yangu," akasema. "Kariuki ni yako."

Kwa Mama Kioko nilienda kwanza, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi. Nilimwambia ukweli. Ugonjwa huu hauna dawa ya kupuliza. Mtang'oa yaliyougua, mtachoma, mtafyeka nyasi na mabua ya zamani kando ya mifereji maana kirusi hujificha humo. Mtaingia kwanza sehemu nzima na kumalizia kwenye gonjwa, na mtaosha mikono na mundu kwa sabuni. Akaguna. "Kwa hiyo ile mbolea tulimlisha maiti." Lakini wanawake wake walianza kung'oa siku hiyo hiyo, na sehemu ya shamba ikasalimika.

Kariuki nilimpata mtaa wa Kahawa Sukari, kwenye nyumba ya ghorofa iliyokuwa ikijengwa, anachanganya simiti. Aliponiona aliendelea kugeuza koleo.

"Nimekuja kusema ni mimi," nikamwambia. "Ni makasi yangu. Ulisema kweli."

Akageuza koleo mara tatu nne. "Ile barua yako iko wapi?"

"Kwenye faili."

"Na maneno yale ya kwa banda iko faili gani?"

Nikatazama koleo lake.

"Mama Mutheu, mimi naishi na hao watu Landless. Tunanunua mboga kwa mama mmoja. Wakiniona wanasema, huyo ndiye alikuwa anaua mchele ya serikali. Hata kanisani nimeacha kushika kapu ya sadaka." Akafuta jasho kwa mkono wa shati. "Usiniambie pole hapa kwa simiti. Andika ingine. Uisome pale pale. Na hao hao wakiwa hapo."

Basi niliandika. Niliisoma kwenye banda la vifaa, asubuhi, mbele ya wale wale, Kariuki akiwa karibu na yale yale mapipa, na Daktari nyuma kabisa. Nilisoma kwamba ugonjwa uliletwa na mimi, ukasambazwa na mimi, na kwamba mtu pekee aliyejaribu kuuzuia nilimwita mhujumu. Mstari mmoja nilianza kuusoma mara mbili. Hakuna aliyenisaidia, na ilikuwa haki. Nilipomaliza, Kariuki alikuja, akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja, akaitia mfukoni. Akavaa tena mabuti ya kituo. "Twendeni tung'oe," akasema.

Tulikuwa tung'oe kila kitu. Ndiyo njia pekee. Kazi ya msimu mzima, aina kumi na mbili, tunazibeba kwa magunia hadi kwenye shimo la moto. Kila mtu na ndoo yake ya maji ya sabuni. Tulifika ploti ya tisa, Kariuki akainua mkono.

"Hii tungoje kwanza."

"Kwa nini?"

"Angalia tepe."

Nikaangalia. Kwenye ramani ploti hii ilikuwa tupu, lakini mimi nilikuwa nimetazama misalaba tu. Mashina yenye utepe yalikuwa kijani. Yote. Niliyakata kwa makasi yale yale, siku zile zile, baada ya ploti ya nane na kabla ya ya kumi, na hakuna hata moja lililokuwa na kidoa.

Na mnajua nilifikiria nini, vijana wangu? Barua ikiwa bado na joto la mfuko wake? Nilifikiria: huyu amebadilisha tepe. Amezifunga kwenye mashina mazima ili anifanye mjinga mara ya pili.

Akanisoma usoni. "Unanishuku tena."

Ningeweza kukana. "Ndiyo," nikasema.

Nilidhani ataondoka. Badala yake akatikisa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyokuwa akiitarajia. "Sawa. Basi tuijaribu. Lakini saa hii nafanya mimi, wewe uangalie."

Daktari akakubali. Tulichukua miche ya ile aina ya tisa na miche ya aina ya kumi, trei moja moja. Kariuki akanawa hadi viwikoni. Akaponda majani yaliyougua kwenye kinu kidogo, akanyunyiza ule unga, akasugua jani moja baada ya jingine kwa ncha ya kidole, polepole, bila kuruka hata moja. Ile mikono niliyodhani haifai maabara ilikuwa myepesi kuliko yangu. Mimi nilikaa kwenye kiti, mikono mapajani, kama nilivyoamriwa.

Siku ya kumi, trei ya aina ya kumi ilianza kupata vidoa. Siku ya kumi na nne ilikuwa njano ya mistari mitupu. Ya tisa ilikuwa kijani. Tulingoja wiki nyingine, sisi wawili tukiamkia pale kila asubuhi, kila mmoja akimchunga mwenzake asiguse kitu. Kijani.

Sitawadanganya kwamba tuliokoa nchi. Ile aina ilikuwa na mchele mwekundu, mgumu, na mbegu zake zilipukutika kabla ya kuvunwa. Akina Mama Kioko waliupika wakaniuliza kama ni wa kuku. Lakini Daktari aliichukua kama mzazi, akaanza kuizalisha na zile zenye mchele mzuri, na kazi hiyo wengine wanaiendeleza hadi sasa. Kama nisingekuwa nimeambukiza kila ploti sawasawa kwa uzembe wangu, pengine tusingeiona. Sijivunii. Nasema tu ilivyokuwa. Na kama Kariuki asingesimama pale, mimi ningeitupa motoni pamoja na nyingine.

Hatukuwa marafiki, yeye na mimi. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, na kila asubuhi kabla sijashuka bondeni alinyoosha mkono, nami nikampa makasi ayakague. Mara mbili alinirudisha nikayaoshe tena.

Siku ile ya mwisho ya kungoja, nilifungua daftari la majaribio kuandika matokeo. Nikaandika tarehe, aina, idadi ya miche, hakuna dalili. Kuna sehemu ya chini inayosema aliyeona ni nani. Kwa miaka yote jina lililoandikwa pale lilikuwa langu. Nikamsogezea Kariuki daftari na kalamu. Alinitazama kwanza, akatafuta mtego usoni mwangu, na simlaumu. Kisha akavuta kiti, akaandika jina lake lote, majina matatu, kwa herufi kubwa, akapuliza wino ukauke kabla ya kufunga daftari.